Pavagadh: Mlima wa Mama na Mkono wa Mfalme

Mwaka 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, alikuta vyombo vinne vya kutoka India viko bandarini. Watu wake walikuwa na hamu kubwa ya kukutana na Wakristo upande huu wa dunia, na wale Wahindi walipopaza sauti kuwasalimu, Wareno wakasikia jina la Kristo. Wakafurahi kweli kweli. Wanahistoria wengi wa leo wanaona kuwa pengine walichokisikia ni "Krishna". Mtu mwenye njaa husikia sufuria linachemka hata kama ni la jirani.

Shuleni somo huishia hapo. Da Gama, rubani, Kalikati, Wareno wanarudi na mizinga, kengele inalia, tunatoka nje. Yule rubani mwenyewe, mwandishi wa Kireno João de Barros anamtaja kuwa Mwislamu wa Gujarat. Nguo walizovaa waungwana wa Mombasa na Kilwa, nyingi zilitoka Kambaya, bandari ya Gujarat, pamoja na shanga. Kwa hiyo Gujarat haikuwa nchi ya kwenye ramani tu. Tulikuwa tumeivaa. Lakini hebu muulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne: mwaka ule wa 1498 mtawala wa Gujarat alikuwa nani, na alikaa wapi? Kimya.

Alikuwa Sultan Mahmud, ambaye wenyewe humwita Mahmud Begada, na alikaa Champaner, mji ulio chini ya mlima uitwao Pavagadh. Na juu ya mlima huo, kabla yake, wakati wake na baada yake hadi hii leo, anakaa mwingine: Kalika Mata, yaani Mama Kali. (Jina lake na neno letu "kali" si ndugu hata kidogo, ila bahati imewafananisha vizuri.) Ninachotaka kuandika ni habari za huyo wa juu na watu wanaopanda kwenda kumwona. Sultani tutampitia njiani, maana hakwepeki.

Nianze na njia yenyewe. Ukitoka jiji la Vadodara, ambalo wazee wengi wanalijua kwa jina la Baroda, unaelekea mashariki karibu kilomita 50. Nchi ni tambarare, mashamba kwa mashamba. Halafu mlima unasimama mbele yako peke yake, hauna kaka wala dada, karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari. Ukiuona hivyo unaelewa kwa nini watu wa zamani waliamua kuwa lazima kuna mwenyewe huko juu. Mlima wa namna hiyo hauwezi kuachwa bila mwenyewe.

Chini ni Champaner. Kutoka hapo mabasi na magari madogo ya abiria hupanda barabara ya kona kona mpaka Machi, uwanda ulioko katikati ya mlima, wenye vibanda, chai, kelele na wapiga debe kama stendi yoyote unayoijua. Kutoka Machi unachagua mwenyewe. Tangu 1986 kuna vibehewa vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma, vinakupandisha kwa dakika chache, na hata vikikushusha bado una mamia ya vidato vya kukanyaga. Asiyetaka kamba, au asiye na pesa ya kamba, au aliyeweka nadhiri, anashika ngazi za mawe toka Machi. Wapo wanaoanza kutembea kule chini kabisa, Champaner. Na wapo, hasa siku za Navaratri, wanaotoka makwao kwa miguu, wakalala njiani, wakafika mlimani nyayo zimepasuka.

Navaratri maana yake ni mikesha tisa. Huja zaidi ya mara moja kwa mwaka, ila mbili ndizo kubwa: moja mwezi wa tatu au wa nne, nyingine mwezi wa tisa au wa kumi. Siku hizo mlima haulali. Watu hupanda usiku ili alfajiri iwakute mlangoni. Mikononi wana nazi, maua, peremende, na ushungi mwekundu wa kumvika Mama. Kila mmoja ana lake. Huyu mtoto wake alipona, anakuja kulipa nadhiri. Yule hajapata mtoto, anakuja kuiweka. Mwingine ana mtihani. Mwingine ana kesi. Bibi mzee anapandishwa na wajukuu wawili, huku na huku, kidato kimoja, pumzi tatu. Wakikutana na wanaoshuka husalimiana "Jai Mataji", ushindi kwa Mama, na anayeshuka humwambia anayepanda kuwa si mbali. Uongo huo, nadhani, upo kwenye milima yote duniani.

Njiani kuna mabwawa, na majina yake yananifurahisha kuliko kitu kingine chochote. Moja linaitwa Dudhiya, la maziwa. Lingine Chhasiya, la mtindi uliosukwa. Lingine Teliya, la mafuta. Huwezi kukosea: aliyeyapa majina hayo alikuwa mtu wa jikoni. Bwana mkubwa wa ngome angeyaita kwa jina lake mwenyewe.

Na ukifika juu? Kalika wa Pavagadh hana mwili mzima. Ni kichwa, kimepakwa rangi nyekundu, chenye macho makubwa. Pembeni yake wako miungu wa kike wengine wawili, Mahakali na Bahuchara. Unapanga foleni saa kadhaa, kisha unapata kusimama mbele yake kwa muda wa kupepesa jicho, mlinzi anakwambia songa, songa. Wahindu wanakiita kitendo hicho darshan: kumwona Mama, na yeye kukuona wewe. Hilo la pili ndilo lililowatoa nyumbani. Mtu ambaye hakuna ofisi inayomwona, hakuna tajiri anayemwona, anapanda ngazi zote hizo ili aonwe.

Kwa nini mlima huu na si mwingine? Kisa kinachosimuliwa India nzima ni cha Sati, mke wa Shiva. Baba yake alifanya kafara kubwa, akaalika miungu yote, akamwacha mkwe wake kwa dharau. Sati hakuvumilia aibu ile, akajitia motoni. Shiva akaubeba mwili wake begani, akazunguka dunia kama mwendawazimu, na dunia ikaanza kuyumba. Ndipo Vishnu akaukata mwili ule vipande vipande, na kila kipande kilipoanguka pakawa mahali patakatifu. Pavagadh, wanasema, kilianguka kidole cha mguu. Mimi naona hiyo ni zawadi nzuri kwa mlima unaofikiwa kwa kutembea.

Sasa tuje kwenye kisa kilichonifanya niandike.

Karne ya 13 ilipokuwa inaisha, mlima na mji wa Champaner uliingia mikononi mwa Warajputi wa ukoo wa Khichi Chauhan. Walikaa humo karibu miaka mia mbili. Masultani wa Gujarat, waliokuwa na makao Ahmedabad, walijaribu zaidi ya mara moja kuwatoa, wakashindwa. Mfalme wa mwisho wa ukoo ule, vitabu vinamwita Jaisingh. Watu wanamwita Patai. Na kisa cha Patai kinasimuliwa hivi.

Usiku wa Navaratri, wanawake wa mji walikuwa wanacheza garba. Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi anaijua garba hata kama hajui jina: ni ile ngoma ya Wahindu wa Gujarat, wanazunguka duara na kupiga makofi, marinda yakifunguka kama mwavuli. Kwa asili, katikati ya duara huwekwa chungu cha udongo chenye matundu, na taa ndani yake. Jina lenyewe limetokana na neno la tumbo la uzazi. Chungu ni tumbo, taa ni uhai. (Desemba 2023, UNESCO iliiingiza garba katika orodha yake ya urithi wa dunia usioshikika, kwenye kikao kilichofanyika Kasane, Botswana. Kwa hiyo Afrika ilikuwepo ukumbini.)

Basi usiku ule Mama mwenyewe alishuka mlimani, akajigeuza mwanamke, akaingia kwenye duara akacheza na wenzake. Hakuna aliyemtambua. Alikuwa mzuri kupita kiasi. Mfalme Patai alikuwa anatazama, na amelewa. Akaingia ndani ya duara. Akamshika yule mwanamke nguo, akamwambia twende ikulu. Mama akamwambia niache, niombe kitu kingine chochote, utajiri, ufalme, vyote nitakupa. Mfalme akasema nakutaka wewe. Mama akajionyesha alivyo, akamlaani: ufalme wako utaanguka. Na ukaanguka. Akaja Mahmud.

Ndivyo wanavyosimulia, na ndivyo wanavyoimba, maana kisa hicho kimo katika nyimbo za garba zenyewe. Wanawake wanaozunguka duara wanaimba juu ya mwanaume aliyeingia kwenye duara bila ruhusa. Hebu lifikirie hilo kidogo.

Upande wa pili kuna kitabu. Kinaitwa Mirat-i-Sikandari, historia ya masultani wa Gujarat iliyoandikwa kwa Kiajemi mwanzoni mwa karne ya 17. Humo hakuna ngoma. Humo kuna jeshi. Mwaka wa njaa, mtawala wa Champaner alipigana na mtu wa sultani wa mpakani, akamuua. Mahmud akaja na askari, akauzingira mlima. Raja akaomba msaada kwa sultani wa Malwa, jirani, naye akatoka kama anakuja, kisha akageuka akarudi kwake. Kuzingirwa kulidumu karibu miezi 20. Mahmud alionyesha kuwa haendi kokote: akaanza kujenga msikiti chini ya mlima kabla hata ya kushinda. Mwishowe ukuta ukatobolewa. Wanawake waliokuwa ndani ya ngome wakajitia motoni ili wasitekwe, wanaume wakatoka kupigana mpaka kufa. Novemba 1484 mlima ukatekwa. Raja alikamatwa ana majeraha, akatakiwa asilimu, akakataa, akauawa.

Vijana wenzangu mnaotaka kuandika, shikeni hizo mbili, moja mkono wa kulia, nyingine mkono wa kushoto. Kitabu kina mwezi na mwaka. Kina siasa, kina njaa, kina jirani msaliti. Ukiulizwa kwenye mtihani, andika cha kitabu. Wimbo hauna tarehe, na Mama kushuka kucheza si jambo la kuwekwa kwenye daftari la historia. Lakini angalia wimbo unafanya nini. Watu walioshindwa vitani walikaa wakajiuliza kwa nini tumeshindwa, na wangeweza kusema adui alikuwa na nguvu, alikuwa katili, alikuwa wa dini nyingine. Hakuna ambaye angewalaumu. Wao wakasema: mfalme wetu alimshika mwanamke kwa nguvu. Kosa wakaliweka nyumbani kwao, tena kiti cha enzi kabisa. Sultani katika kisa hicho ni kama mvua au tauni, amekuja tu kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

Kwetu pwani yupo aliyefanya kitu cha jamii hiyo. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipoandika Al-Inkishafi juu ya magofu ya Pate, alikuwa na maadui wa kutosha wa kuwatupia lawama. Yeye aliutazama moyo wake mwenyewe, na anasa za mabwana waliolala kwenye majumba yale. Sisemi vitu hivi viwili vinafanana. Utenzi ni kazi ya mwanachuoni mmoja, garba ni ya vinywa elfu. Nasema tu kwamba aliyeshindwa akijisimulia mwenyewe huwa anaona vitu ambavyo karani wa mshindi havioni.

Ila tusiusifu wimbo kupita kiasi. Wale wanawake waliojitia motoni mwaka 1484 nimewakuta kwenye kitabu cha upande wa mshindi. Katika kisa cha Patai, kama wanavyokisimulia wengi, hawamo. Mwanamke mmoja wa mbinguni anashikwa nguo, ufalme mzima unaanguka. Wanawake wa duniani wanaungua, kisa kinaendelea. Na swali la jinsi kisa kilivyoanza, yaani nani wa kwanza aliyethubutu kuimba kuwa mfalme ni mlevi mwenye mikono mirefu, halina jibu. Lakini alithubutu. Mimi ningempa mtunzi huyo zawadi kabla ya waandishi wengi wa vitabu.

Mahmud aliupenda mji aliouteka. Akauita Muhammadabad, akaufanya makao makuu. Alijenga kuta, mabustani, visima vya ngazi, na Msikiti wa Jamia ambao minara yake miwili ya karibu mita 30 imesimama hadi leo. Ukitazama picha zake utaona mafundi waliozoea kuchonga mahekalu walipewa kazi ya kuchonga msikiti, wakachonga kwa mikono ile ile: maua yale yale, nguzo zile zile, sanamu tu ndizo hazipo. Jina lake la Begada wengi wanalieleza kuwa ni mwenye ngome mbili, maana aliteka Junagadh na Pavagadh. Huko Ulaya alijulikana kwa mambo mengine. Msafiri wa Kiitaliano Ludovico di Varthema aliandika kuwa sultani yule alilishwa sumu tangu utotoni, mpaka akimtemea mtu, mtu anakufa. Ndugu msomaji, sisi tuliosoma yaliyoandikwa na wasafiri wa Ulaya juu ya babu zetu, tunajua namna ya kusoma habari kama hiyo.

Mji ule haukudumu. Mwaka 1535 Humayun, mfalme wa Wamogholi, aliuzingira mlima. Alikuwa akizunguka akatazama, akaona wanakijiji wanatoka msituni. Wakahojiwa, ikagundulika wanawauzia walinzi wa ngome nafaka na samli kwa njia ya kificho, upande wa mwamba ambao hakuna aliyedhani unapandika. Usiku watu wake wakagongomea vijiti vya chuma kwenye jiwe, wakapanda mmoja mmoja, na mfalme mwenyewe, wanasema waandishi wake, alikuwa wa 41 kupanda. Ngome iliyomtesa Mahmud karibu miezi 20 ikaingiliwa kwa njia ya wauza samli. Miaka miwili baadaye sultani wa Gujarat, Bahadur Shah, aliuawa na Wareno huko Diu, Wareno wale wale waliokuwa wameichoma Mombasa mara mbili. Makao makuu yakarudi Ahmedabad. Champaner ikabaki na nyani. Msitu ukaingia misikitini, mizizi ikaingia visimani. Waingereza walipoiteka mwaka 1803 walikuta watu mia chache tu pale palipokuwa jiji.

Anayekumbuka Gedi, kule karibu na Malindi, ataelewa haraka: mji wa mawe uliomezwa na miti. Champaner na Pavagadh ziliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2004. Gedi iliandikwa mwaka 2024, katika kikao kilichofanyika New Delhi. Tofauti yao ni moja. Gedi iliachwa yote. Pavagadh, chini palikufa, juu hapakufa. Wafalme waliondoka, masultani wakaondoka, Wamogholi wakaondoka, Wamaratha wa ukoo wa Scindia wakaja na kuondoka, na muda wote huo kulikuwa na mtu anapanda na nazi yake.

Tena alikuwa anapanda kwenda kwenye hekalu lisilo na kilele. Katika mapambano yale ya zamani kilele cha hekalu kilibomolewa, na juu ya paa pakawa na kaburi la walii wa Kiislamu, Sadan Shah. Wapo wanaosimulia kuwa walii huyo zamani alikuwa Mhindu. Lango mojawapo la mlimani, lililochongwa ndani ya mwamba, lina jina lake. Kwa hiyo kwa mamia ya miaka Mhindu aliyeinama mbele ya Kalika alikuwa na walii juu ya kichwa chake, na Mwislamu aliyepanda kufanya ziara kwa walii alikuwa na Mama chini ya miguu yake. Aliyetaka kuona humo fedheha, aliiona. Aliyetaka kuona ujirani, aliuona. Bendera ya hekalu haikupandishwa kileleni, kwa sababu kilele hakikuwepo.

Tarehe 18 Juni 2022 ilipandishwa. Hekalu lilikuwa limejengwa upya, ngazi zimepanuliwa, kilele kipya kimesimama, na Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, ndiye aliyeipandisha. Alisema kuwa bendera haikuwa imepepea pale kwa karne tano. Kaburi la walii lilihamishiwa pembeni, na magazeti yaliandika kuwa wanaolitunza walikubali. Sina sababu ya kubisha. Nawaza tu kwamba makubaliano ni neno ambalo tamu yake inategemea ni nani kati ya waliokubaliana angeweza kukataa. Na namwelewa pia yule bibi wa vidato, ambaye mama yake na bibi yake walipanda kwenye hekalu lililokatwa kichwa, akainua macho siku ile akaona bendera nyekundu. Kama alilia, alilia kwa haki yake. Mambo yote mawili yamo katika mlima mmoja, na anayetaka kuandika riwaya juu yake asichague kimojawapo kwa uvivu.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Hotuba ya bendera ilikuwa kisa cha tatu cha Pavagadh, baada ya kitabu na wimbo. Katika kisa hicho cha tatu, aliyekosa ni sultani, aliyeshinda ni taifa, na Patai hayumo. Mfalme mlevi na mkono wake wametolewa mlangoni kimya kimya. Hesabu imefungwa kati ya wanaume wenye majeshi, na lile duara la wanawake lililoanzisha kesi yote halikuitwa kutoa ushahidi.

Wanaobeba mlima mabegani nao hawaitwi. Kila tofali la kilele kipya lilipanda, kila gunia la unga linalolisha mahujaji linapanda. Punda hubeba, watu hubeba, na kuna kamba nyingine ya chuma, ya mizigo tu, isiyoingia kwenye picha za watalii. Tarehe 6 Septemba 2025 kamba hiyo ya mizigo ilikatika. Chombo kikaporomoka, watu 6 wakafa, wengine wao vibarua wa ujenzi. Magazeti yaliandika siku mbili tatu.

Zilikuwa zimebaki siku 16 kabla ya Navaratri. Tarehe 22 mikesha ikaanza, chungu kikawashwa taa ndani, duara likazunguka, na watu wakapanda.